Paini zinakauka na muuzaji amekuja na sindano: je, nijaribu?

*"Mimi ni askari mstaafu. Nina ekari 5 za paini huku Nakasongola, Uganda, zina miaka 9, nilizipanda mita 3 kwa 3 na sijawahi kupunguza miti. Tangu kiangazi kilichopita miti kama 40 imegeuka rangi ya kutu na kukauka. Mingi iko upande wa chini karibu na bonde, mingine imetawanyika. Kijana mmoja muuzaji wa dawa alipasua kipande cha mti uliokufa, akakiloweka majini, kisha akanionyesha kwa lenzi ya simu viminyoo vinavyojipinda. Anasema ndio ugonjwa uliomaliza paini za Japani, na ana dawa ya kudunga kwenye shina kwa drili, shilingi 15,000 kwa mti. Nimefikiri nijaribu kwanza: nidunge nusu ya shamba, nusu niiache, nione. Je, jaribio hilo linafaa? Na ile miti iliyokwisha kufa, naweza kuipasua mbao?"*

Mzee wangu, pole sana. Kuona mti wa miaka 9 ukikauka, ukikaribia kuanza kukulipa, kunaumiza. Wazo lako la kujaribu kabla ya kumwaga pesa ni zuri, na wengi hawafikii hata hapo. Lakini jaribio hilo kwa namna ulivyolipanga halitakupa jibu. Ekari 5 ni kama hekta 2. Kwa mita 3 kwa 3 hekta moja hubeba miti 1,111, kwa hiyo ulianza na miti kama 2,200. Nusu yake kwa shilingi 15,000 kila mmoja ni milioni 16 na nusu, na mwisho wa mwaka utakuwa hujui zaidi ya unavyojua leo. Ushauri wangu ni huu: usidunge hata mti mmoja mpaka ujue kwa hakika ni nini kinachoua paini zako.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana kijana hakukudanganya kwamba upo. Unasababishwa na nematodi, mnyoo mwembamba usiofika hata urefu wa milimita moja, anayeitwa kitaalamu Bursaphelenchus xylophilus. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Huko Japani vifo vya paini viliandikwa kwa mara ya kwanza Nagasaki mwaka 1905, lakini watu walihangaika na wadudu na ukame kwa miaka mingi mpaka mwaka 1971 watafiti wa Kijapani walipothibitisha kwamba muuaji ni mnyoo huyo. Kisha ukaonekana China mwaka 1982, Korea Kusini mwaka 1988, na mwaka 1999 ukagunduliwa Ureno, mara ya kwanza Ulaya. Popote ulipoingia umekuwa vigumu kuuondoa.

Mnyoo huyu hatembei peke yake kutoka mti hadi mti. Hubebwa na mbawakawa wa jenasi ya Monochamus, mdudu mwenye papasi ndefu kuliko mwili. Ndugu mmoja wa jenasi hiyo unaweza kuwa umemsikia hapa kwetu: ndiye anayetoboa mashina ya kahawa arabika. Huyo wetu ni wa kahawa, si wa paini, lakini umbo lake litakusaidia kumfikiria mwenzake. Mbawakawa wa paini hutoka kwenye mti uliokufa akiwa na maelfu ya minyoo ndani ya mirija yake ya kupumulia. Huenda kwenye mti mzima kula gome laini la matawi machanga, na pale anapotafuna minyoo hushuka na kuingia kwenye kidonda. Ndani ya mti hula chembe hai zinazozunguka mifereji ya utomvu, na kwenye joto la nyuzi 25 kizazi kipya hukamilika kwa siku 4 au 5 tu. Utomvu hukatika. Hewa huingia kwenye vijia vinavyopandisha maji, maji hayapandi tena, na mti mzima hunyauka ndani ya wiki chache au miezi michache. Ukishaanza kufa, harufu yake huwaita mbawakawa wengine waje kutaga mayai chini ya gome. Watoto wao wanapokaribia kuruka, minyoo hujikusanya kuwazunguka, na safari inaanza upya.

Hapa Uganda ugonjwa huu haujathibitishwa. Tena paini nyingi za nyanda zetu, na bila shaka zako pia, ni Pinus caribaea kutoka Amerika ya Kati. Paini za Amerika zimeishi na mnyoo huyu au jamaa zake kwa muda mrefu, na nyingi humvumilia. Huko Marekani kwenyewe wanaokufa zaidi ni paini za kigeni, hasa ile ya Ulaya, Pinus sylvestris. Waliopigwa vibaya Asia ni paini za kule kule, ambazo hazikuwahi kukutana naye.

Sisemi hivyo ili ulale usingizi. Ugonjwa hukolea pale ambapo wastani wa joto la majira ya joto unapita nyuzi 20, na Nakasongola inapita hapo mwaka mzima. Mnyoo na mbawakawa wake husafiri ndani ya magogo, na ndani ya mbao za masanduku na paleti. Ndiyo maana sheria za kimataifa zinataka mbao za kufungashia mizigo zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha zipigwe muhuri. Kwa hiyo dalili zako zichukuliwe kwa uzito, na zipimwe.

Sasa wale viminyoo vya kwenye simu. Naamini uliviona. Ila karibu mti wowote uliokufa na kuanza kuoza, ukiuloweka, utatoa nematodi. Wapo wanaokula ukungu, wapo wanaokula bakteria, wapo wanaowinda wenzao. Hata ndani ya jenasi hiyo hiyo ya Bursaphelenchus wapo wengi wasioua chochote. Kuna mmoja, B. mucronatus, anayefanana na muuaji kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye hadubini nzuri huangalia ncha ya mkia wa jike kisha bado hupeleka sampuli kupimwa vinasaba kabla ya kusema neno. Lenzi ya simu haiwezi kazi hiyo. Kijana alikuonyesha kwamba mti uliokufa una minyoo. Hakukuonyesha kwamba minyoo ndiyo iliyouua.

Je, dawa ya kudunga inafanya kazi? Ndiyo, dhidi ya ugonjwa huo inafanya kazi, na kwa muda mrefu sasa Wajapani wanaitumia kulinda miti yao ya thamani. Dawa zinazojulikana zaidi ni emamektini benzoeti, abamektini na moranteli. Emamektini hushika mishipa ya fahamu ya mnyoo, akapooza. Unatoboa shina karibu na ardhi, tundu likielekea chini kidogo, unaweka kipimo kinacholingana na unene wa mti, na maji ya mti yenyewe yanaipandisha dawa mpaka kwenye matawi. Tundu moja likifanyiwa kazi vizuri, kinga hukaa miaka, si wiki.

Lakini soma tena hapo: maji ya mti ndiyo yanayoipandisha. Mti ambao mnyoo ameshaukatia maji hauna cha kupandishia dawa. Sindano hii ni kinga, si tiba. Kuidunga kwenye mti uliokwisha kunyauka ni sawa na kumtundikia mtu chandarua baada ya malaria kumpanda kichwani. Hata kwenye mti mzima haiendi haraka. Vijia vya maji vya paini ni vyembamba mno, na utomvu huziba tundu, kwa hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi, dawa kuenea mpaka kwenye vitawi vya juu ambako mbawakawa hula. Japani na Korea hudunga wakati wa baridi, utomvu ukiwa mchache na mbawakawa hawajatoka. Sisi hatuna baridi hiyo. Kalenda yao haihamishiki Nakasongola hivi hivi, na muuzaji anayesema "dunga wakati wowote" hajaelewa anachouza.

Jambo lingine ninalokuomba uliangalie kwa macho yako ni chupa. Emamektini inauzwa katika maduka yetu ya pembejeo kwa ajili ya viwavijeshi vya mahindi na nondo wa nyanya. Hiyo ni ya kunyunyizia majani. Imechanganywa kwa namna nyingine kabisa, na ukiiweka ndani ya shina inaweza kuziba, kuunguza mbao, au kubaki pale pale ilipowekwa. Dawa ya sindano lazima iandikwe kwenye lebo kwamba ni ya kudunga miti, na iwe imesajiliwa na Wizara ya Kilimo kwa matumizi hayo. Mwambie akuonyeshe. Akikuonyesha chupa ya nyanya, mazungumzo yameisha.

Nije kwenye jaribio lako, maana hapa ndipo penye somo kubwa. Watafiti wanapopima dawa ya sindano huchagua miti inayolingana: umri, unene uliopimwa mita 1.3 kutoka ardhini, afya, na udongo. Kisha huigawa kwa kura. Hakuna mtu anayechagua mti gani upate nini. Kundi moja hupata dawa. Kundi la pili halitobolewi. Kundi la tatu hutobolewa na kuwekewa kimiminika kisicho na dawa, ili ijulikane kama tundu lenyewe linadhuru au linasaidia. Miezi ikipita, na dawa ikiwa imeenea, hukata vitawi vya juu kupima kama kweli imefika huko. Halafu, kwa makusudi, huweka minyoo iliyohesabiwa, mara nyingi 10,000 kwa mti, kwenye jeraha la tawi, katika makundi yote. Hapo ndipo vifo vinahesabiwa. Ikiwa miti isiyo na dawa imekufa na yenye dawa imesimama, mna jibu. Mwaka unaofuata hurudia kuweka minyoo ili waone kinga inadumu mpaka lini.

Angalia lako sasa. Hujui kama mnyoo yupo, kwa hiyo hujui kama kuna chochote cha kukingwa. Huwezi kumleta, na mtu yeyote asithubutu kumleta nchini kwa ajili ya majaribio. Miti 40 kati ya 2,200 haifiki asilimia 2. Mwaka ujao ukiwa kama huu, kila nusu ya shamba ingepoteza kama 20 tu hata dawa ikiwa maji matupu. Lakini vifo vyako havikugawanyika sawa: vingi viko bondeni. Ukidunga nusu ya juu na kuacha ya chini, dawa itaonekana imeshinda bila kufanya kazi yoyote. Ukidunga ya chini, itaonekana imeshindwa hata kama ni nzuri. Na mvua zikinyesha vizuri msimu ujao vifo vinaweza kukoma pande zote mbili, kila mtu akaimba sifa za sindano. Mti uliodungwa ukifa, utaambiwa "mzee, ulichelewa". Ukipona, "dawa imeingia". Jaribio ambalo muuzaji ana jibu tayari kwa kila matokeo halimpimi yeye wala dawa yake.

Kuna gharama nyingine ambayo haikutajwa. Matundu hupigwa chini ya shina, na gogo la chini ndilo nene, lililonyooka, lenye bei. Kila tundu huacha doa linalopanda na kushuka ndani ya mbao, na ni mlango wa ukungu. Kwa paini ya miaka mingi kwenye bustani au hekalu, doa si kitu. Kwa mtu anayesubiri kuuza magogo ya kupasua mbao, ni hasara ya kweli, hata dawa ikiwa ya bure.

Basi ni nini kinakuua miti? Siwezi kukuthibitishia nikiwa mbali, lakini maelezo yako yananielekeza mahali. Chukua panga na jembe, uende na kijana mwenye nguvu, na mchague miti mitatu: mmoja uliokufa zamani, mmoja ulioanza kubadilika rangi mwezi huu, na mzima ulio jirani nao. Huo wa katikati ndio wenye habari nyingi.

Anza chini. Ondoa udongo kuzunguka shina mpaka uone mizizi mikubwa, kisha inua gome kwa ncha ya panga pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe umetandazwa kati ya gome na mbao, wenye harufu ya uyoga, na utomvu umeganda na udongo hapo chini, huo ni uozo wa mizizi wa Armillaria. Huanzia kwenye visiki vya miti ya asili iliyokatwa kabla ya kupanda, huua kwa vikundi, na hakuna sindano inayougusa. Ukikuta udongo wa mchwa umepandishwa na gome limeliwa likazunguka shina lote, jibu unalo. Nakasongola mchwa wake unaujua kuliko mimi, na paini iliyochoka kwa ukame huliwa upesi.

Kisha ng'oa ule uliokufa zamani, uangalie mzizi mkuu. Mche uliokaa sana kwenye kiriba kitaluni, au ulioshindiliwa kwenye shimo fupi, mzizi wake hujikunja umbo la herufi J. Mti huo hukua vizuri miaka ya kwanza, halafu kiangazi kikali kikija haufikii maji ya chini. Tazama pia shimo lenyewe: jembe linagonga tabaka gumu la mawe mekundu kwenye kina gani? Na upande wa bonde, je, maji hutuama wakati wa mvua? Mizizi ya paini inayozama majini hufa kimya kimya, na mti huja kuonyesha miezi baadaye, wakati wa jua, ukadhani ni ukame peke yake.

Juu uangalie mambo mawili. Ncha za matawi zilizokufa peke yake, hasa baada ya mvua ya mawe, huashiria ukungu wa Diplodia. Sufi nyeupe kwenye vitawi, pale yanapoanzia majani membamba kama sindano, ni vidukari. Toboa pia gome la kila mti kwa msumari mnene na urudi kesho yake. Mti mzima hutoa utomvu. Usiotoa una shida kubwa, lakini kipimo hiki kinakwambia tu kwamba mti unakufa, hakitaji muuaji.

Nisikufiche ninachokifikiria zaidi ya yote. Shamba lako lina miaka 9 na halijapunguzwa. Miti 1,111 kwa hekta inagombania maji katika wilaya kavu, wakati shamba la mbao la umri huo lilipaswa kuwa limepunguzwa angalau mara moja. Miti dhaifu hufa kwanza, kisha kila mdudu na ukungu hupata chakula. Ukitumia sehemu ndogo tu ya zile milioni 16 na nusu kutoa miti iliyopinda, iliyodumaa na iliyobanwa, utakuwa umeisaidia iliyobaki kuliko sindano yoyote ninayoijua. Ila usianze kupunguza kabla ya kujua kuhusu Armillaria, kwa sababu visiki vibichi karibu na uozo huo huulisha.

Hapo unahitaji mtu afike shambani. Nenda kwa afisa misitu wa wilaya, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na uombe sampuli zifike NaFORRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Kifu, Mukono. Chama cha wakuza mbao, UTGA, nacho kinaweza kukuelekeza kwa mtaalamu. Sampuli itoke kwenye mti unaoanza kunyauka, si uliokwisha kauka: vipande vya mbao vya ndani kutoka shina la chini, katikati na tawi nene, pamoja na mizizi yenye gome na udongo wake. Kila kimoja kiwe kwenye mfuko wake wa plastiki, kiandikwe kimetoka wapi kwenye mti, kiwekwe kivulini, na kifike ndani ya siku moja au mbili. Mbao zikikauka, nematodi hufa au hujificha na maabara haitoi jibu. Waambie waziwazi kwamba unataka wapime pia Bursaphelenchus. Likiwa jibu la ndiyo, halitakuwa tatizo lako peke yako: wakaguzi wa mimea wa Wizara ya Kilimo wajulishwe siku hiyo hiyo, na hapo mjadala wa sindano utafunguliwa upya na watu wanaohusika.

Kuhusu kupasua ile iliyokufa: kwa sasa usitoe gogo, mbao wala kuni nje ya shamba. Zikate, uzilaze pale pale, majibu yakija hayana mnyoo zipeleke msumenoni haraka. Mbao zake huenda zimeingia rangi ya buluu, huo ni ukungu unaopunguza bei zaidi ya nguvu, na kwa kuezekea bado zinafaa kabla mchwa na vipekecha havijaziwahi. Mnyoo akipatikana, zichomwe hapo hapo pamoja na matawi na gome, chini ya macho ya wakaguzi.